Sauti ya Stendi na Kichwa Changu

Jumatatu, 4 Machi

Nimeamua. Nitaitafuta sauti ya marehemu mke wangu mtandaoni. Miaka kumi na tisa alikaa kwenye kile kibanda cha vioo pale stendi, kipaza sauti mdomoni, akitangaza mabasi. Haiwezekani asiwepo abiria hata mmoja aliyepiga video yake huku yeye akisikika kwa nyuma. Picha zake ninazo ukuta mzima. Lakini picha hazisemi. Na mimi, fundi saa, mtu wa kutunza dakika za watu, sikumrekodi hata dakika moja. Nilidhani kesho ipo.

Nikaandika kwenye kile kisanduku cha kutafutia, kwa adabu zote. Habari za asubuhi? Sisi huku hatujambo. Kama si usumbufu, naomba unitafutie sauti ya mke wangu, mtangazaji wa stendi. Natanguliza shukrani. Majibu yakaja upesi: mifano kumi ya kuandika barua ya kirafiki!

Jumanne, 5 Machi

Binti yangu muuguzi kaisoma barua yangu, kacheka mpaka kashika ukuta. Kauliza, baba, unatafuta au unaposa? Kaniambia niandike maneno mawili matatu tu, salamu ya nini, ile ni mashine. Halafu nisibonyeze chochote kinachowakawaka. Kaondoka kwenda kazini.

Sawa. Lakini mtu anaombaje kitu bila salamu? Nikafupisha: Hodi. Stendi.

Zikaja video za stendi za kila namna. Nikazisikiliza moja moja, macho nimefumba. Honi. Wapiga debe. Mtoto analia. Yeye hayupo. Saa nne asubuhi bando likakata, katikati ya tangazo la magodoro. Lile tangazo nilikuwa nalisikiliza kwa makini. Mtangazaji alikuwa mwanamke.

Jumatano, 6 Machi

Mpango! Kinyozi wa mlango wa pili, tunayemwita Wembe, ana waifai. Neno la siri hulibadilisha kila asubuhi, na humtajia mteja aliyekwisha fungwa shuka shingoni tu. Nikafungwa shuka. Kanipunguza pembeni. Nimesikiliza video kumi na saba kabla hajanipangusa shingo. Patupu.

Wembe kauliza natafuta nini. Nikasema habari za michezo. Aambiwe yeye? Ujanani alikuwa akipanda mabasi ya kwenda asikokuwa na shughuli, ilimradi apite mbele ya kile kibanda. Mtaa mzima unajua. Mke wangu alikuwa akicheka. Mimi sijacheka mpaka leo.

Alhamisi, 7 Machi

Nimerudi kwa Wembe. Kamaliza nywele zilizobaki. Kichwa kinang'aa kama kioo cha saa mpya.

Nikiwa kitini kikatokea kitufe, kinawaka, kinazima, kinawaka: PAKUA SAUTI ZOTE HAPA. Zote! Nikabonyeza.

Simu sasa inapiga king'ora kila baada ya dakika tano na kunitangazia kwamba nimeshinda pikipiki. Mteja mmoja kanirudishia saa yake, akidhani ndiyo inayolia.

Ijumaa, 8 Machi

Nywele sina. Leo nimetoa ndevu.

Wembe kanitazama kwenye kioo. "Fundi, kesho utaniletea nyusi? Hebu sema unatafuta nini."

Nikasema. Sijui kwa nini. Labda ni ile shuka, ukifungwa unajiona mgonjwa.

Kazima mashine. Kisha katoa simu yake, kaandika maneno matatu: ugomvi stendi mizigo. Kasema hakuna anayepiga video ya stendi. Watu wanapiga video ya ugomvi.

Ilikuwa ya saba. Wanawake wawili wanavutana begi la magurudumu, umati unashangilia, na juu ya kelele zote, yeye! "Ndugu abiria, basi la saa nane litachelewa kidogo. Tunaomba radhi. Tunawaomba msubiri pale..."

Ikakatika. Sekunde kumi na moja.

Tunaomba radhi! Nyumbani hakuwahi kuniomba radhi hata siku moja.

Wembe kageukia ukuta, kasema ana mafua. Na mimi nilikuwa na mafua. Baadaye kasema, umesikia anavyolivuta lile "kidogo"? Nikamjibu najua anavyolivuta, mke alikuwa wangu. Hakubisha. Kaniambia nije kuchukua neno la siri siku yoyote, hata bila shuka.

Hisani ya Wembe? Thubutu!

Jumapili, 10 Machi

Binti kaisafisha simu, pikipiki imeondoka. Sauti ya mama yake kaihifadhi humo humo. Kaisikiliza mara moja, kasimama, kaenda kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa. Aliporudi kanieleza polepole, kama anavyowaeleza wagonjwa: baba, sasa haihitaji bando, haihitaji waifai, wala wewe huhitaji kunyolewa. Nikamwambia nimeelewa.

Na nimeelewa kweli. Nimeisikiliza mara arobaini. Msubiri pale... Pale wapi? Niko tayari kusubiri, lakini mtu lazima ajue asubiri wapi.

Nikawaza. Ugomvi ule ulikuwa na watu kama hamsini. Lazima yupo wa pili aliyeupiga video, upande wa pili, mkono ukachelewa kuchoka. Nikaandika: Habari za Jumapili? Ile ya kwanza imefika salama, ahsante sana. Naomba na kipande kilichobaki.

Kikatokea kitufe kinachowakawaka: ENDELEA KUSIKILIZA HAPA.

Endelea! Nani angekataa? Nikabonyeza. King'ora. Safari hii nimeshinda friji. Halafu bando likakata.

Nimepapasa kichwa. Vinyweleo vimeanza kuchomoza, hasa kisogoni. Kufikia Jumatano vitanyoleka.