Nafasi ya Mjukuu

Jumanne, 2 Desemba

Siku mbaya. Imad amekuwa mjukuu.

Darasa letu la Kihispania, hapa ukumbini Magongo, limefika kwenye amri za kujitendea: jioshe, jichane, keti. Mwalimu Ibtihal, ambaye hutembeza watalii, alionya kuwa hizi ni za watu wa karibu tu. Mgeni humwambii hivyo. Jirani yangu Quinter alifurahi. (Mbele ya watu namwita Mama Lynnette. Humu ni Quinter.) Mjukuu wake Mateo, mtoto wa Lynnette, miaka mitano, anafika kutoka Hispania tarehe kumi na nne, na hajui lugha nyingine. Akauliza nani atajifanya Mateo ili afanye mazoezi. Atakayefaa ataandamana naye uwanja wa ndege.

Kabla goti langu halijakubali kuinuka, Imad alishasimama mbele, mikono nyuma kama mtoto. Imad wa Mtopanga, muuza vitambaa, anayenukia udi mchana kweupe! Siéntate, akaketi. Péinate, akatoa kichana mfukoni! Mimi nina upara. Darasa zima likapiga vigelegele kuwa bibi kapata mume, maana mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake, Pwani kama kwetu Kakamega. Quinter alicheka mpaka akajifunika uso kwa leso. Kisa changu cha mbuzi ofisini kwa chifu hakijawahi kumfikisha huko.

Marehemu mke wangu Rosalia aliniamrisha hivyo hivyo kutoka mlangoni. Elkana, nawa. Elkana, vua hivyo viatu. Miaka miwili sasa nanawa nikipenda. Si raha kama watu wanavyodhani.

Alhamisi, 4 Desemba

Mpango: kuwahi. Nilifika saa saba kwa darasa la saa tisa. Nikawa Mateo!

Quinter akasema lávate, kwa sauti laini. Nikatii kwa moyo wote. Nikatoka kwenda kunawa. Bomba la ukumbi kavu. Nikaenda kwa muuza maji, foleni ya madumu. Nikanawa uso, shingo, mpaka nyuma ya masikio, alipokuwa akinikagua Rosalia.

Niliporudi, Imad amelala mkekani, macho kayafumba, na Quinter anambembeleza kwa wimbo. Acuéstate, eti! Mwalimu akaniuliza nilipotelea wapi. Kunawa kulikuwa kwa kuigiza tu. Imad akafumbua jicho moja akasema wallahi, mzee Elkana, leo unang'aa.

Jumanne, 9 Desemba

Mpango bora zaidi. Asubuhi, Quinter akianika nguo, nilimwambia kuwa mjukuu asiyekataa kitu huyo si mjukuu, ni mtumishi. Akatafakari, kibanio cha nguo mdomoni. Akasema kweli, hata Lynnette alikuwa mkaidi utotoni.

Basi leo nimekuwa mkaidi. Siéntate: nikasimama. Cállate, yaani nyamaza: nikaimba wimbo wa kanisa, beti zote nne. Acuéstate: nikauzunguka ukumbi mbio, na goti hili! Quinter akanifukuza, akanikamata, akanivuta sikio. La kushoto. Bado lina joto.

Akatangaza kuwa nitakwenda naye mimi. Ushindi!

Imad akasema inshallah atatupeleka kwa gari lake. Quinter akamshika mkono kwa mikono yote miwili. Yeye ana gari. Mimi nina sikio.

Jumapili, 14 Desemba

Uwanja wa ndege. Lynnette akatoka na masanduku, na nyuma yake kijana mdogo mwenye kofia nyekundu. Quinter akafungua mdomo. Maneno yote yakampotea. Karibu wiki mbili za jichane na jioshe, hakuna hata moja!

Nikaona hapa ndipo pa kumwokoa. Nikapaza sauti: siéntate! Imad naye, wakati uleule: siéntate! Mzee mmoja Mhispania, mtalii, akakaa juu ya sanduku lake, akatutazama kwa hofu. Mateo hakukaa.

Quinter akapiga magoti sakafuni, akafungua mikono, akasema kwa Kiswahili, njoo, mume wangu. Mtoto akaja mbio. Hakuhitaji kufasiriwa.

Kisha akatunyooshea kidole na kuuliza kitu. Lynnette akacheka, akatueleza: anataka kujua wazee hawa wawili ni nani, kwa sababu mama yake alimwambia bibi ana mume mmoja tu, naye ni yeye.

Quinter na mumewe wakakaa nyuma na Lynnette. Mimi mbele, sanduku mapajani. Imad akaendesha kama dereva wa teksi. Kwa mara ya kwanza nilimhurumia. Kidogo.

Jumatatu, 15 Desemba

Tangu alfajiri namsikia Quinter ng'ambo ya ua. Levántate, yaani amka! Lávate! Maneno yamerudi yote.

Adhuhuri Mateo akaletwa mlangoni kwangu na mama yake, amebeba sahani ya wali na samaki. Akaitazama mikono yangu. Akasema lávate. Nikanawa. Akasema siéntate, kwa kidole. Nikaketi. Akasimama pale mlangoni, mahali pale pale pa Rosalia, mpaka nikamaliza.

Mtoto mzuri sana. Mwenye adabu. Anaondoka tarehe kumi Januari. Nimeshaitia alama kwenye kalenda. Nafasi itakuwa wazi.

Jioni nimenunua kichana. Kile cha mwisho Rosalia alikitupa, akaniambia nisijipe tumaini. Hiki kina meno mapana.