Gadenia ya Mwingi Hainywi Chumvi

Jumatatu, 9 Machi
Mmea wangu umetoa tumba! Moja tu, lakini ni langu. Mutie wa lori, aliyeniletea kutoka Makindu, aliapa ni asmini. Nimemwalika Mbithe, kiongozi wa kwaya, aje Jumapili alinuse ua sebuleni kwangu. Akishanusa, namchumbia. Tatizo: majani yanageuka manjano. Nzomo wa duka la jirani amechungulia dirishani, akauliza hizo hoho nauza lini. Mjinga.

Jumanne, 10 Machi
Ikran, muuza manukato ng'ambo ya barabara, ameuangalia mmea akacheka mpaka akakaa chini. Ati asmini hutambaa. Hii ya majani mazito yanayong'aa ni gadenia, na haitaki maji ya chumvi. Sasa! Kisima gani cha Mwingi hakina chumvi? Maji ya mvua yamebaki kwenye tangi la kanisa peke yake.

Alhamisi, 12 Machi
Alfajiri, mimi na mtungi tangini. Mchungaji Kilonzo huyo! Nikapiga magoti haraka, nikasema naombea tangi. Akauliza mtungi ni wa nini. Mdomo ukajisemea wenyewe: maji ni ya ua, na ua ni sadaka ya mavuno. Akanikumbatia, akaniita ndugu Kitonga mwaminifu. Aka! Nimejimaliza.

Jumapili, 15 Machi
Limefunguka! Kanisa zima lilinukia. Baada ya ibada, mnada wa mavuno kama kila mwaka: malenge, kuku, ndengu, halafu mmea wangu. Nilipanga kuununua mwenyewe. Nzomo akapandisha bei, akapandisha tena, nikashindwa. Akaubeba mpaka kwa Mbithe mbele ya watu wote. Makofi! Na mimi nilipiga, ningefanyaje? Inauma jamani.

Jumamosi, 21 Machi
Nzomo amepeleka kwa kina Mbithe mbuzi watatu wa ntheo, wale mbuzi wa kuposa. Saa nane Ikran akaleta habari: mbuzi wamekula gadenia, ua, majani, mpaka mizizi! Mbithe amewarudisha. Posa ingoje mpaka Nzomo apate ua jingine kama lile. Mungu si Athumani!

Jumapili, 22 Machi
Nzomo hana boma, ameniomba nimtunzie mbuzi. Nimekubali kwa moyo mweupe. Asichojua: Mutie ameniletea gadenia nyingine, na kwa Mbithe nitafika wa kwanza. Nimeiweka uani, penye jua zuri la asubuhi. Mbuzi wako hapo hapo, lakini nimewafunga kamba mpya ya katani. Wameanza kuitafuna. Si kitu, ni kamba nzuri.