Alexis, Mwambie Baba Yako

Jumatatu, tarehe 4 Mei 1970

Vita imeanza. Mama mkwe wangu, Mama Rosalie, alifika jana hapa Likasi kwa treni kutoka Mwene-Ditu, na leo asubuhi ametoa hukumu. Hakuniambia mimi. Kwetu Waluba mkwe hasemi na mama mkwe ana kwa ana, hamtazami machoni, na kula mbele yake ni aibu kuu. Hiyo ndiyo buko, heshima ya ukwe, na buko ni buko! Basi alimwambia mwanangu Alexis, mwenye miezi saba: mwambie baba yako, mbavu zako zinahesabika. Jumamosi ukipimwa dispansari na kilo hazijapanda, unakwenda nami Mwene-Ditu, nikulishe mimi nkambo yako, bibi mzaa mama yako.

Nikamjibu Alexis, kwa sauti, amwambie nkambo yake kwamba baba yupo. Alexis alitoa povu.

Kweli mtoto hataki uji. Anautema kama mtu aliyetukanwa. Lakini nimegundua siri: akibebwa njiani, akitazama watu na baiskeli, mdomo unafunguka wenyewe. Nami nina konje, likizo ya juma zima. Pale machimbo ya chokaa ya Kakontwe mwingine ataandika nani kafika kazini na nani hakufika. Mke wangu Adrienne ana mtihani wa ushonaji kule foyer, shule ya akina mama, asubuhi hayupo. Mpango: chakula cha kutembea nacho! Viazi vitamu, vimechemshwa vikalainika, vimekatwa urefu wa kidole, ndani ya gameli, kopo langu la chakula cha kazini. Asante Mungu kwa akili hii.

Jumanne, tarehe 5 Mei

Vipande kumi na viwili. Alexis alinyonya kimoja, akamtupia mpanda baiskeli. Vingine nilikula mimi. Nifanyeje? Nilikuwa sijala tangu jana asubuhi. Mama mkwe ameketi mlangoni mwa jikoni, habanduki. Adrienne anasema nile chumbani. Chumbani! Mlango wenyewe pazia. Atasikia bukari, ugali wetu, ikishuka kooni.

Nilirudi na gameli tupu, nikamsifu Alexis: umemaliza vyote, mwanangu! Nkambo yake akamwambia: mwambie baba yako ajifute kidevu.

Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Utampaje jembe mtu usiyeweza kumtazama?

Jumatano, tarehe 6 Mei

Leo ndakala, samaki wadogo wakavu, maana wana nguvu. Ndani ya taxi-bus nilimpa Alexis mmoja mzima ashike. Mawee! Mama mmoja mnene alimpokonya kabla hajamfikisha mdomoni. Akaniuliza mbele ya abiria wote: papa, unataka kuzika mutoto? Miiba! Akanifundisha: saga, chekecha, changanya unga wake na avoka, parachichi, iliyopondwa. Mtoto akae wima, nawe usimwondolee macho.

Nilishuka sokoni, nikanunua avoka. Sikumuuliza hata jina. Mungu ambariki yule mama, na watoto wake, na wajukuu wake.

Avoka ya leo: robo mdomoni mwa Alexis, robo kwenye shati langu jeupe, nusu kwangu.

Alhamisi, tarehe 7 Mei

Ajabu. Gameli ilikuwa nzito kuliko nilivyoiacha. Niliweka viazi tu. Nimekuta ndizi zilizoiva na, chini kabisa, paja la kuku. Adrienne anasema hajui kitu. Nimelitafakari jambo hili: Adrienne ananipenda, anaona haya kukiri. Lakini kuku katika chakula cha mtoto asiye na meno? Wanawake hawajui mambo ya watoto. Nililila nyuma ya kanisa, haraka.

Mchana nililala kidogo, Alexis akabaki na nkambo yake uani. Nilipoamka midomo yake ilikuwa na rangi ya boga. Sikumbuki kumpa boga. Konje inachosha kuliko kazi!

Ijumaa, tarehe 8 Mei

Nimelegeza mshipi matundu mawili. Nimemnyanyua Alexis mara ishirini, sijui kama amezidi uzito. Mpango wa mwisho: sweta tatu, kofia, na viatu vya ubatizo. Baridi imeanza, nani atauliza?

Nikawaza nyumba hii bila yeye. Hakuna wa kunivuta masikio asubuhi. Nililia jikoni, Mama Rosalie alipokuwa uani. Jikoni tupu, sufuria imejaa, nami nikasahau kula.

Jumamosi, tarehe 9 Mei

Mama Simone, muuguzi wa dispansari, alimvua sweta moja baada ya nyingine, huku ananitazama. Alexis alipanda mizani uchi wa mnyama. Mwezi uliopita kilo sita na gramu mia tisa. Leo kilo saba na mia mbili!

Nilipiga yowe, nikalia mbele ya akina mama wote. Mama Simone akauliza nani anamlisha. Ni minye, mimi mwenyewe! nikasema.

Adrienne akakohoa. Njiani akaniambia yote. Kila mchana nikikoroma, mama yake anambeba Alexis uani, anamwonyesha kuku, anamlambisha boga lililopondwa na unga laini wa karanga, kidogo kidogo. Paja la kuku nalo aliliweka yeye. Alisema si haki mkwe afe njaa kwa kumheshimu.

Niliharakisha hadi nyumbani. Amenilisha bila hata kunitazama! Nikamwambia Alexis amwambie nkambo yake aksanti, aksanti sana.

Jumapili, tarehe 10 Mei

Nimefikiri upya wakati wa misa. Boga la mchana ni nyongeza tu. Nani alimfungua mtoto hamu? Baba yake!

Na Mama Rosalie mwenyewe amekiri. Alimwambia Alexis: mwambie baba yako, unabaki Likasi, tena nkambo yako amejifunza mengi kwake juma hili. Alicheka hadi kitambaa cha kichwa kikamwanguka. Furaha tupu!

Namshukuru Mungu kwa mama mkwe anayekubali kufundishwa. Si wengi wanaye. Nimemtuma Alexis amwombe abaki mwezi mmoja zaidi, nimmalizie masomo. Amekubali. Adrienne anasema sijaelewa kitu. Maskini, mtihani umemchosha.