Moyo Wangu Ndio Unaoongoza Kwaya

Jumatatu, 3 Machi
Duka la dawa limeishiwa vidonge vyangu vya tezi ya shingo. Miaka sita nameza vya pakiti nyeupe, leo nimepewa ya bluu! Mfamasia akasema dawa ni ileile, kampuni tu imebadilika, ila miili mingine hushtuka. Moyo ukienda mbio nirudi nipimwe damu. Nikamwambia moyo wangu haujawahi kukosea. Miaka kumi na tisa kwaya ya kiwanda cha sabuni inaimba kwa mapigo yake. Nashika kifundo cha mkono, nahesabu, nainua kijiti. Basi!

Jumatano, 19 Machi
Mazoezi. Kwaya imezembea vibaya. Wimbo wa dakika nne tumeumaliza kwa mbili na nusu, na bado besi wanajikokota. Mpishi wa kantini, sauti ya kwanza, akaomba nafasi ya kuvuta pumzi. Nikamwambia pumzi avutie jikoni kwake.
Karani wa stoo, naibu wangu, anayekimezea mate kijiti changu, akatoa kile kidude chake cha kugonga mwendo. Kikagonga kama jongoo mwenye mafua. Nikatangaza kimeharibika. Walipotoka nikakificha ndani ya pipa tupu la magadi.

Alhamisi, 20 Machi
Karani kakipata kidude chake. Kumbe pipa lilikuwa linagonga! Meneja kaniita: tukiaibika mashindanoni Jumamosi, kijiti ni cha Karani.
Nyumbani mama watoto naye kaanza. Eti natoka jasho nikiwa nimekaa, mikono inatetemeka hadi chai inamwagika, na nimemgombeza jirani kwa kukohoa. Eti ni vile vidonge vipya. Nikampima mapigo: sabini tu, maskini. Yangu mia moja na kumi na nane! Nikambembeleza twende hospitali kabla moyo wake haujasimama. Akasema sikio la kufa halisikii dawa. Nikamjibu mimi dawa naisikia, naimeza kila asubuhi.

Jumamosi, 22 Machi
Tumeimba. Waamuzi walikuwa bado wanavuta viti, sisi tayari tuko ubeti wa tatu. Mpishi akakaa chini katikati ya kiitikio. Kijiti kikaniponyoka, kikatua kwenye glasi ya mwamuzi mkuu. Kwaya saba, sisi wa saba.
Meneja akakiokota, akakifuta maji, akampa Karani mbele ya ukumbi mzima. Miaka kumi na tisa! Iliniuma. Nililia chooni, na kwa kuwa hili daftari halisomwi na mtu, naandika: nililia sana. Mama watoto alinisubiri mlangoni, akanishika mkono, tukaenda moja kwa moja kupimwa damu.

Jumatatu, 24 Machi
Majibu. Daktari anasema vidonge vya bluu vinanikolea kuliko vile vyeupe, kwangu mimi kipimo kimezidi. Kapunguza. Nirudi baada ya wiki saba. Nikamuuliza kama ana mapendekezo yoyote kuhusu besi. Hana.

Jumatatu, 12 Mei
Mapigo sabini na mbili. Mikono imetulia. Daktari kaniandikia cheti kwamba moyo uko sawasawa.
Nikaenda mazoezini. Wanaimba vizuri, sikatai, ila mwendo wameuiba kwangu. Meneja akasema naweza kurudi kuongoza, mradi nifuate kidude cha Karani. Mimi! Nikamwambia afadhali nipange sabuni kwenye maboksi.
Jioni nimewaandikia barua waandaaji wa mashindano. Nadai waamuzi wote wapimwe mapigo, maana wana mioyo mizito, na kwaya yetu isikilizwe upya. Nimeambatisha cheti cha daktari kuthibitisha kwamba moyo wangu hauna kosa. Mama watoto kaisoma, kauliza kama hicho cheti si cha baada ya kupunguziwa dawa. Nikamwambia asiniharibie ushahidi.