Gari Langu Halichemshi

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimejua kwamba sindano ya joto kwenye dashibodi yangu ni mwongo. Miaka mitatu imekaa katikati, imetulia kama karani aliyeshiba, na mimi nikaiamini. Leo nimechomeka geji ya namba chini ya usukani. Foleni ya kwenda kazini: nyuzi 92. Kwenye taa nyekundu: 97. Getini pa kiwanda chetu cha uchapaji: 103! Sindano ileile, palepale katikati, haina hata aibu.

Mimi ni msahihishaji. Makosa ya wengine ndiyo riziki yangu. Na hili limenipita miaka mitatu.

Gari lenyewe ni dogo, jekundu, la milango mitano, mgongo umekatwa wima kama mkate. Lakini lina turbo, na ukiligusa linaruka kama limetekenywa. Mke wangu huliita Pilipili.

Nimempigia fundi wangu, mwanamke wa maneno machache ambaye mtaa mzima unamwita Dada Spana. Amesema injini ya turbo kufika 103 ni kawaida, feni ikiamka inashusha. Amesema nichomoe geji niendelee na maisha yangu.

Hana uchungu na gari langu huyu.

Jumanne, 4 Machi

Mwanyumba wangu kaja jioni. Huyu ndiye aliyemwoa mdogo wa mke wangu, na hajawahi kunisamehe kwa kuoa kwanza. Nilipolinunua Pilipili, mwezi haukuisha naye akanunua gari lilelile, rangi ya bluu. Anasema ni sadfa.

Nikamwomba nichomeke geji kwake. Tumezunguka mtaa uleule, mwendo uleule. 94! Yeye anaendesha friji, mimi naendesha jiko.

Akacheka hadi akashika boneti. Mbele ya mke wangu.

Basi nikasema, kwa sauti ambayo sikuipanga, kwamba Jumamosi gari langu litapanda kilima chote bila kuvuka mia. Jumamosi mama mkwe anaagwa kazini, anastaafu. Miaka thelathini na minne ya uuguzi, na sherehe ni saa nne kamili asubuhi katika hospitali yake juu ya kilima. Mwanyumba akasema sawa, naye atanunua geji kama yangu. Tukifika juu tutalinganisha namba kubwa kabisa ya kila gari, na mwenye namba ndogo ndiye atakayekuwa dereva wa Mama kuanzia siku hiyo.

Mke wangu ameuliza kama kuna yeyote aliyemuuliza Mama. Swali zuri. Tukapeana mikono.

Jumatano, 5 Machi

Siku ya kazi kubwa.

Kwanza, nimetoa themostati, kile kilango kinachozuia maji ya injini yasizunguke kabla hayajapata moto. Kwa nini maji yazuiwe? Maji yana haki ya kutembea. Pili, nimeweka washa nene, vile vipete vya chuma, chini ya bawaba za boneti ili upande wa kioo ubaki wazi na joto litoke. Tatu, na hapa ndipo nilipojishangaa mwenyewe, nimeinyang'anya kompyuta ya gari mamlaka juu ya feni. Sasa feni ina swichi yangu mimi, nyekundu, kando ya vitufe vya hewa. Nikitaka inazunguka. Nisipotaka, haizunguki.

Nimempigia Dada Spana kumjulisha. Akasema hewa huingia kwa nguvu hapo chini ya kioo, haitoki, kwa hiyo nimeziba njia badala ya kuifungua. Kuhusu swichi aliniuliza: kompyuta haisahau, je, wewe?

Nikamwambia mimi ni msahihishaji.

Alhamisi, 6 Machi

Jaribio. 88! Kisha 85! Nimeimba peke yangu garini.

Halafu nikapanda daraja la juu nyuma ya basi. 101. Nikakumbuka kwamba kipasha joto cha ndani ya gari ni rejeta ndogo ya pili, nacho hupoza maji ya injini. Nikakifungulia chote, feni ya ndani mpaka mwisho. 96!

Jua lilikuwa kali. Nimefika kazini nikiwa nimeloa kama niliyeogeshwa kwa nguvu. Mkuu wangu ameuliza kama nina malaria. Nimesema ndiyo. Akaniruhusu nirudi nyumbani, nami nikatumia nafasi hiyo kufanya jaribio la pili.

Geji imeanza kupiga kelele kila ikivuka 105. Nimeizima sauti. Mtu hawezi kufikiri huku anapigiwa kelele.

Ijumaa, 7 Machi

Kuna jambo sitamwambia mtu.

Kazini tuna rundo la mabango ya kalenda ya karatasi ngumu yaliyoharibika. Februari imepewa siku thelathini na moja. (Niliipitisha mimi. Sitaki kulizungumzia.) Nimechukua moja, nikalikata vizuri kwa mashine ya kazini. Mchana mwanyumba alikuwa kwenye kikao ofisini kwake na gari lake limeegeshwa uani. Nikalala chini kama niliyeangusha funguo, nikalipitisha bango chini ya bampa mpaka likasimama mbele ya rejeta yake, hewa isipite. Limekaa kama limezaliwa pale.

Si uharibifu. Ni nyuzi tano au sita tu, za kumfundisha unyenyekevu. Tukishafika nitalitoa.

Mlinzi alinisaidia kusimama. Aliniuliza kama funguo zimepatikana.

Jumamosi, 8 Machi

Nitaeleza yote, maana mke wangu anasema hataki kusikia sauti yangu, na karatasi haina budi kunisikiliza.

Asubuhi mama mkwe alichagua kupanda gari langu, kwa sababu kiti changu ni cha chini na goti lake linasumbua. Ushindi wa kwanza. Alivaa sare yake nyeupe kwa mara ya mwisho, imepigwa pasi hadi inakata. Mke wangu nyuma na shada la maua. Mwanyumba na mkewe wakafuata kwa gari lao.

Nikawasha feni kwa swichi yangu, nikafungua kipasha joto chote. Mama akauliza kwa upole mbona kuna joto. Nikamwambia ni dawa ya goti. Mke wangu akanitazama kwenye kioo. Maua yakaanza kuinamisha vichwa.

Katikati ya kilima, lori la mchanga. Halipitiki, mwendo wa konokono. Mimi macho kwenye kioo cha nyuma, nimuone mwanyumba anavyoteseka. Mama, mtu asiyependa kusumbua watu, akaamua kuzima joto mwenyewe. Akapapasa kando ya vitufe vya hewa. Akaona swichi nyekundu. Akaizima.

Joto halikupungua, akadhani labda bado kidogo, akangoja.

Nilipoangalia geji: 119. Kisha mvuke ukatoka kwenye ule mwanya wa boneti niliouweka mimi, ukapanda kioo chote, nikawa siioni barabara. Nikasimama pembeni. Kitu kikapasuka mbele, pah, na maji ya kijani yakateremka kilima bila haraka.

Mama alitoka nje, akajipangusa uso, akatazama saa yake ya kiuguzi iliyobanwa kifuani. Saa tatu na dakika thelathini na tano.

Mwanyumba akasimama nyuma yetu. Sitaeleza uso wake. Akamfungulia Mama mlango wa mbele kwa mkono mmoja, mwingine kifuani, kama mhudumu wa hoteli. Mke wangu, mdogo wake na mimi tukabanana nyuma. Tukaondoka, nyuma ya lori lilelile.

Hapo ndipo nilipokumbuka bango.

Geji yake mpya ilikuwa mbele ya macho yangu. 104. Feni yake ikaanza kulia kama kinu cha unga. 108. Mwanyumba akaongeza sauti ya redio. 111. Akatoa leso mfukoni, akajifuta shingo, akaitupia leso juu ya geji kama bahati mbaya. Afadhali asijue yeye kuliko nijue mimi! Watu wengine wana kiburi cha kutisha.

Nikahesabu. Gari likichemsha hili nalo, Mama ataikosa sherehe yake mwenyewe. Watu mia mbili ukumbini na kiti kitupu. Miaka thelathini na minne.

Nikasema tumbo limenishika. Nikasema ni la ghafla. Mke wangu akasema nivumilie. Nikasema halivumiliki.

Gari likasimama. Vichaka vilikuwa kushoto. Mimi nikaenda mbele ya gari, nikalala kifudifudi na suti yangu ya sherehe, nikaingiza mkono chini ya bampa. Bango lilikuwa limelegea kwa joto, likakataa, likakubali, likatoka zima zima. Nikageuka. Viatu vya mwanyumba.

Akalichukua mkononi mwangu. Akalisoma taratibu, mstari kwa mstari. Akafika Februari.

"Siku thelathini na moja," akasema. "Hii ni ya kwenu."

Nikasimama, nikajipangusa suti.

Mama mkwe akashusha kioo. Alinitazama vile nadhani alivyowatazama wagonjwa wanaokunywa dawa za jirani.

"Mwanangu," akasema, "nimepima watu joto miaka thelathini na minne. Anayejipima kila dakika kwa kawaida hana homa. Ana kitu kingine. Ingia garini, nimechelewa."

Tulifika saa nne na dakika kumi na mbili. Ukumbi mzima ulisimama kumpigia makofi. Katika hotuba yake alisema hajawahi kuchelewa zamu hata siku moja, ila leo njiani alipata mgonjwa. Watu wakacheka sana. Mke wangu hakucheka. Alinionyesha kwa kidole kiti cha nyuma kabisa, karibu na matarumbeta.

Jumapili, 9 Machi

Dada Spana alilivuta gari jana mchana. Leo ametoa taarifa. Tangi la rejeta limepasuka, injini imepona kwa sababu nilisimama mapema. Alisema neno "mapema" kama mtu anayenipa zawadi. Kabla sijaligusa, amesema, gari halikuwa na ugonjwa wowote. Amerudisha themostati, amerudisha feni kwa kompyuta. Washa, swichi na geji ametia kwenye mfuko, akamkabidhi mke wangu. Mimi nilikuwa nimesimama hapohapo.

Mwanyumba hakunigombeza, na hilo ndilo linaloniuma. Amelitia bango kwenye fremu, kalitundika sebuleni kwake juu ya televisheni. Amenitumia picha. Ndiye dereva wa Mama sasa. Namba yake kubwa kabisa hakuna aliyeiona, lakini hakuna aliyeuliza.

Alasiri nilikwenda kumwomba Mama radhi. Alinipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema yamekwisha. Goti, akaongeza, kweli limepungua maumivu. Kisha mbele yake na mbele ya mke wangu nikaapa, kwa sauti, nimesimama: sitagusa tena maji ya gari hili, wala rejeta, wala feni, maisha yangu yote.

Nimejisikia mwepesi. Mtu mpya kabisa. Ningejua raha ya kushindwa ningeanza zamani.

Jumanne, 11 Machi

Nimelichukua gari. Limetulia. Sindano katikati, nami nimeitazama kwa upendo wa ndugu waliopatana. Dada Spana akasema tuishie hapo, niendeshe tu.

Wakati ananikabidhi funguo nilimuuliza, kwa mazungumzo tu, kama joto la maji ndilo joto la injini lote. Alikuwa anapangusa mikono, hakufikiri. Akasema hapana, mafuta ya injini yana joto lake. Hupanda polepole, hufika juu kuliko maji, hukawia kushuka, na gari langu halina sindano ya kulionyesha.

Aliona uso wangu. Akajaribu kulirudisha neno mdomoni.

Miaka mitatu! Mafuta yanachemka humo ndani na hakuna anayeyatazama!

Nimerudi nyumbani mwendo wa taratibu sana. Nimejifungia bafuni na simu. Kuna geji ya mafuta, ndogo, nzuri, ya duara, inafika Ijumaa. Mke wangu amegonga kuuliza nafanya nini. Nimesema tumbo.

Kiapo nimekipitia neno kwa neno, mara tatu. Maji yamo. Rejeta imo. Feni imo.

Mafuta hayamo.