Nilivyomsindikiza Mama Neema Kikao cha Nidhamu

Wadau, leo uso wangu nimeuacha ofisi ya utumishi. Atakayeuona aninyamazie tu.

Mnajua nafanya kazi kiwanda cha kuchenjua dhahabu, huku Rwamgasa. Nipo karasha, ile mashine ya kusaga mawe, pamoja na Mama Neema. Wiki iliyopita mwenzetu Kulwa alizimia kwa joto na vumbi. Mama Neema hakusubiri ruhusa ya mtu. Akambeba mgongoni, akatoka naye getini mpaka zahanati. Kulwa akapona. Mama Neema akaitwa kikao cha nidhamu: kaacha kituo cha kazi, ajieleze, la sivyo kibarua kinaota nyasi.

Akaruhusiwa kuja na mwenzake mmoja. Akauliza zamu nzima. Kila mtu akapata shughuli ya ghafla, kwa sababu fomani alishatangaza: "Atakayemsindikiza, leo hajafanya kazi. Siku yake inakatwa!"

Nikasema nitakwenda mimi. (Ushujaa wote ule, halafu njiani nawaza kodi ya nyumba.)

"Mama Neema, hivi kweli watanikata?"

"Tutauliza, baba. Mdomo si tunao?"

Tukaingia. Zulia, kiyoyozi. Mwenyekiti ni mama mmoja wa utumishi, ana miwani. Fomani kakaa pembeni. Na Mzee Masanja, mlinzi wetu wa getini, kaitwa kama shahidi. Tukatoa shikamoo.

Sasa Mama Neema, ambaye kazi yake ndiyo inayoning'inia, akaanza na habari zangu!

"Mwenyekiti, kabla ya langu. Huyu kijana kaacha zamu kwa ajili yangu, na fomani kasema siku yake inakatwa. Kama ni hivyo arudi kazini sasa hivi, mimi nibaki peke yangu."

Mwili ulinisisimka. Mimi ningekuwa yeye ningejililia mwenyewe kwanza.

"Hakatwi hata senti," mwenyekiti akasema. "Kumsindikiza mwenzake hapa ni haki. Saa hizi anahesabiwa yuko kazini."

Fomani akaanza kukagua kucha zake. Mimi nikaumuka kama andazi.

"Haya, msindikizaji," mwenyekiti akaniambia, "simama hapa mbele utuambie unachojua."

Jamani. Sisi hatutoki kiwandani bila kupekuliwa. Kila siku Mzee Masanja anasema, "Simama mbele," nawe unanyanyua mikono, unaachama, unainua ulimi, unavua buti unazikung'uta. Mwili umeshazoea, hauulizi kichwa.

Nikasimama mbele. Mikono juu! Nikamwachamia mwenyekiti mpaka kimio kikaonekana. Nikavua buti, nikazikung'uta. Na Mzee Masanja (Mungu anamwona) akainuka kitini, akaja kunipapasa mbavu kwa utulivu kabisa!

Kwenye buti ya kushoto yakadondoka matobolwa, vile viazi vyetu vya kuchemsha na kukausha. Juu ya zulia. (Ovaroli zetu hazina mifuko, ningeyaweka wapi? Kula kiwandani ni marufuku, kwa hiyo nayala kwa siri, na jioni nikifika getini kupekuliwa huwa nimeshayamaliza.)

Mwenyekiti akavua miwani. "Nyie mnafanya nini?"

Mzee Masanja akaitazama mikono yake kama ya mtu mwingine.

"Niko safi, bosi," nikajibu. Soksi ina tundu, kidole gumba kinasalimia kikao.

Fomani alicheka mpaka akashika meza. Mama Neema hakucheka.

"Mwenyekiti, mnamwona huyo alivyo? Zamu nzima ndiye peke yake aliyekubali kuja na mimi. Tuendelee."

Na akaendelea, sauti haitetemeki. "Kulwa alikuwa anatuponyoka. Ruhusa ningemwomba nani? Fomani alikuwa chai."

Kicheko cha fomani kikakata. Mzee Masanja akathibitisha: geti alifungua yeye, na fomani alitafutwa hakuonekana. Mama Neema karudishwa kazini bila hata onyo! Mama Neema ana moyo, nawaambia. Nilitaka kumpigia makofi, ila mikononi nilikuwa na buti.

Nje akanishika bega. "Wabeja, ng'wanawane. Asante mwanangu, umenisaidia."

Nimesaidia nini? Neno la utetezi sijasema hata moja.

Sasa Alhamisi kikao cha nidhamu ni changu mimi, kosa viazi. Mama Neema kashasema atanisindikiza, na siku yake atalipwa yote. Kaniwekea sharti moja tu: nije na ndala.