Mayai ya Mama Mkwe na Chumba cha Nyuma

Jumatatu, 4 Machi

Mke wangu kahamishiwa zamu ya alfajiri kiwandani. Mama yake yuko kwetu, mguu kwenye plasta, daktari kamkataza kusimama. Asubuhi hula mayai mawili ya kuchemsha, basi. Nani atamchemshia? Mimi! Nimetangaza mezani kwamba yai nalichemsha hata nikiwa usingizini.

Mke wangu hakucheka. Akasema nikishindwa mpaka Jumamosi, kaka yake atahamia kwetu apike yeye. Atalala chumba cha nyuma.

Chumba cha nyuma ni changu. Ndimo ilimo mashine yangu ya kumenya vitunguu, bado skrubu chache tu. Na huyo shemeji ni mpishi wa hoteli, mtu wa kutembea na kisu chake mfukoni. Hapiti mtu pale.

Jumanne, 5 Machi

Nimetumia birika la umeme. Jiko ni la watu wasiofikiri. Kila birika likijizima, nalibonyeza tena. Yai moja likapasuka, ute ukaganda ndani kote. Maji nikayapikia chai. Yameshachemka, niyamwage kwa nini?

Mama mkwe akanusa kikombe. Akauliza kwa upole kama kuku mwenyewe alipita humo.

Jioni mke wangu kasugua birika. Nimemwambia mwanzo mgumu. Kasugua kwa nguvu zaidi.

Jumatano, 6 Machi

Shemeji kapiga simu, eti kunijulia hali. Hali! Kaishia kwenye mayai: maji yachemke kwanza, yai liingie taratibu, moto uwe wa wastani, likiiva litumbukizwe kwenye maji baridi ili ganda litoke vizuri. Nikamshukuru. Kisha nikafanya kinyume cha kila neno. Mtu hafundishwi nyumbani kwake.

Moto mkali, maji kidogo, nami nikaenda kukaza skrubu ya mashine. Nikasikia mlio. Yai moja lilikuwa darini. Lililobaki ganda likaling'ang'ania, na nilipomaliza kulimenya nilibaki na kiini kitupu, tena cha kijani. Mama mkwe akasema anashukuru, leo hana njaa.

Ni simu ya shemeji iliyonitia mkosi.

Alhamisi, 7 Machi

Akili ni mali. Nimechemsha mayai ya siku zote zilizobaki kwa mpigo mmoja. Yameiva, nimeonja mwenyewe. Mama mkwe kala, kasema heri. Yaliyobaki nimeyarudisha kwenye trei, katikati ya mabichi, ili friji ipendeze. Kesho nalala mpaka jua liwake.

Ijumaa, 8 Machi

Mama mkwe aligonga yai kwenye sahani. Bichi. Likamwagikia plasta. Nikamwomba radhi, nikagonga la pili mwenyewe kumtoa wasiwasi. Bichi, likanimwagikia mapajani, na suruali ndiyo hiyo moja. La tatu lilikuwa limeiva, lakini alishaliogopa.

Shemeji aliwahi kusema ukilizungusha yai mezani, bichi huyumba. Sikuzungusha. Mtu mzima, mwenye ndevu, nicheze na mayai?

Mke wangu kashampigia simu. Anakuja kesho asubuhi na begi lake. Nimeumia, sifichi. Nimekaa na mashine yangu, nimeipangusa vumbi.

Mama mkwe kaniita pembeni. Kasema yule mwanawe alimlea mara moja na inatosha: anakoroma, na kila sahani anaitia kasoro. Kasema, "Baba, kesho usiguse kitu. Wewe lala tu." Nikamwambia asihangaike, ninayo mbinu. Mayai nimeyatia kwenye hotpoti na maji ya uvuguvugu, nimefunika. Yatajiivia yenyewe.

Jumamosi, 9 Machi

Nimeshinda!

Niliamka nikamkuta shemeji mezani, begi miguuni. Nikaenda jikoni kifua mbele. Hotpoti iko wazi. Mayai yamekaa kwenye bakuli la maji baridi, sijui bomba linavuja wapi. Sufuria jikoni ilikuwa ya moto. Hotpoti yangu hiyo, joto lake limefika mpaka huko! Na mkongojo wa mama mkwe umeegemea jiko. Maskini, njaa ilimtoa kitandani akaja kuchungulia.

Ganda lilitoka lenyewe. Kiini cha njano safi. Shemeji akatafuna, akatafuta kasoro, akakosa. Mama mkwe akala mawili, akamwambia mwanawe arudishe begi kwake. Mke wangu, leo hana zamu, akautazama mkongojo, akamtazama mama yake, akainamia kikombe mabega yakimtikisika. Machozi ya fahari.

Mlangoni nimemnong'oneza shemeji siri: hotpoti, uvuguvugu, usingizi. Akawapikie wageni wake hotelini. Kanishika mkono muda mrefu.

Chumba ni changu. Na nilisema tangu Jumatatu, hata nikiwa usingizini.

Sasa hivi nafunika hotpoti. Kesho mama mkwe anakula kuku mzima.